Yusta, Usivuke kwa Jina la Editha

Kigali, Jumapili, 16 Agosti 1992

Mwanangu Yusta,

Imetimia miaka miwili na miezi mitano tangu nilipotoka nyumbani. Nilipovuka daraja la Rusumo wewe ulikuwa bado unavaa sare za shule. Sasa naambiwa unaondoka wewe.

Habari hizi ameniletea Mama Sele. Alifika jana na dagaa wake, na leo baada ya misa akaja hapa Niboye ninapokaa, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akanieleza yote. Unakwenda Bujumbura, Buyenzi, kushona kwa shangazi yako. Lori linaondoka Jumatano alfajiri. Na kwa kuwa hati yako ya kusafiria imekataliwa, utavuka kwa hati ya Editha, mtoto wa mama yako mdogo, kwa sababu mnafanana na yeye hana safari, anaolewa. Mama Sele anarudi kesho asubuhi na amekubali kuibeba barua hii. Atakuwa ameshakufikia kesho jioni. Ndiyo sababu nakaa kuandika sasa hivi, kungali mwanga. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la nne ndilo lililonifikisha hapa, usome polepole.

Sitakwambia mambo ya kuamka mapema, wala ya kumsaidia shangazi yako kazi za ndani, wala ya wanaume wa mjini. Mama yako atakuwa ameyasema, na ameyasema vizuri kuliko mimi. Nitakwambia ninachokijua, na ninachokijua ni mchanga, saruji, na kuulizwa karatasi. Hayo mawili ya kwanza hayakuhusu.

Tangu vita vianze upande wa Uganda, Oktoba ile, hapa hutembei bila kuulizwa. Kuna vizuizi barabarani, wao huita bariyeri. Pengine ni gogo limelazwa, pengine ni kamba imefungwa kwenye mapipa. Unashuka kwenye gari, unapanga mstari, unatoa karatasi. Kila mgeni ana kibali cha kukaa, chenye picha na jina la anayemwajiri. Mwenyeji ana kitambulisho chake, na humo ndani kuna mahali palipoandikwa makabila, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, na yale yasiyo ya kwake yamekatwa kwa wino. Linabaki moja. Nilipoona cha jirani kwa mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya karani.

Unaweza kudhani nitakwambia kwamba kuulizwa ni ubaya. Sivyo ninavyofikiri. Nchi ina haki ya kujua nani ameingia. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mgambo pale Rulenge, wewe ukiwa mdogo, na tulikuwa tunasimama njia ya kwenda kwenye mibuni kuwauliza Warundi waliokuja kuchuma kahawa. Nilikuwa nabeba fimbo. Nilimpigia kelele mtu mzima, baba wa watu, aonyeshe barua ya kijiji, na barua aliponionyesha sikuisoma. Nilimtazama miguu, jinsi ilivyochafuka. Nilishaamua kabla hajafungua mkono. Sikuifikiria tena siku ile mpaka niliposimama mimi upande wa pili na kumwona askari akinitazama miguu.

Kwa hiyo sigombani na anayeuliza. Ninachotaka ujue ni jinsi ilivyo kuulizwa, maana hujaulizwa bado.

Nitakusimulia jambo la mwaka jana, wakati wa mvua za Aprili. Mama yako anajua kidogo tu, nilimwambia nilikuwa mgonjwa.

Tulikuwa tunajenga Kacyiru, upande wa ofisi za wakubwa, nyumba ya ghorofa moja. Kule kazini, wao husema kwenye shantiye, kuna desturi ya vifaa. Vifaa viko stoo, na mtunza stoo hamwamini mtu. Ukitaka sepetu au toroli au kamba, unamwachia kitambulisho. Ana ubao wenye misumari. Msumari uliokuwa na sepetu unabaki na karatasi yako, na jioni ukirudisha sepetu unapewa karatasi. Kila mtu anafanya hivyo. Mafundi wenye heshima zao, wenye wajukuu, wanaacha vitambulisho vyao vinaning'inia kama nyama buchani. Kwa kuwa kila mtu anafanya, hata mimi nikafanya, na vita vikiwa nusu mwaka vimeanza. Nilikuwa mgeni, katika mji ambao karatasi ndiyo ulinzi wangu wote, na nilikuwa naitoa kila asubuhi ili nipewe toroli.

Ijumaa moja mchana kapita wetu, ndiye msimamizi wa wafanyakazi, akanituma nishuke barabara ya chini kuchota mchanga uliomwagwa na lori. Nilikuwa na Silasi. Huyu Silasi ni fundi wa kuaka matofali, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye mwenye nyumba ninayokaa. Ameoa, ana watoto wanne, wewe huwajui lakini wao wanakujua kwa picha. Tukiwa tunajaza mchanga wakatokea askari, wakaanza kukamata kila mtu barabarani. Askari wa huku wengi wanasema Kiswahili, Kiswahili chao cha jeshini.

"Wewe muzee! Karita!"

Nikamwambia, "Afande, karita yangu iko stoo. Pale juu."

"Iko stoo inafanya nini?"

"Nimeiacha ndio nipewe toroli."

Akageuka akawaambia wenzake, "Sikieni. Ati toroli ndiyo iko na karita." Wakacheka. Hata mimi ingekuwa siku nyingine ningecheka. Akaipiga toroli teke kidogo, akasema, "Sawa. Toroli ipite. Wewe ubaki."

Silasi alikuwa na kitambulisho chake mfukoni, sepetu aliyoshika ilikuwa ya kwake mwenyewe. Askari akakifungua, akakitazama muda mrefu, akamtazama, akamrudishia. Siku ile mkuu wao alikuwa na haraka. Silasi akaisukuma toroli kupanda nayo. Mimi nikapanda lori.

Tulipelekwa kwenye uwanja wa kituo kimoja, wenye ukuta na bila paa. Tulikuwa wengi. Wakaanza kuita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika aliyekaa mezani akaniuliza kwa Kinyarwanda natoka wapi. Nikajibu kwa Kinyarwanda changu, na unajua Kihangaza chetu kilivyo karibu na Kirundi, kikatoka nusu kwa nusu.

Akasema, "Huyu Murundi."

Nikasema mimi Mtanzania.

"Watanzania wanaongea Kiswahili."

Nikaongea Kiswahili.

"Kiswahili hata mimi najua. Mimi ni Mutanzania?"

Wenzake wakacheka tena. Sikupigwa, Yusta, nisikudanganye. Niliambiwa nikae. Kilichonishinda ni kwamba kila nilichosema kilikuwa kweli na hakuna kilichonisaidia. Nikataja kijiji, nikataja parokia, nikataja jina la padre aliyekubatiza. Yule bwana aliandika, lakini alikuwa anaandika vitu vyake. Pale ndipo nilipojua kwamba mdomo wa mtu na karatasi yake vikigombana, mdomo hauna mwenyewe.

Na stoo ilikuwa imefungwa. Ijumaa jioni mtunza stoo huondoka na ufunguo, anakwenda kwao mpaka Jumatatu. Kibali changu kikashinda kwenye msumari, mimi nikashinda uwanjani na mvua.

Jumatatu kapita alitakiwa aniletee. Hakutaka. Alisema ana zege la kumimina, na kwamba mgeni mmoja hasimamishi kazi. Silasi ndiye aliyekwenda stoo, akakitoa kibali changu kwenye msumari, akatembea nacho mpaka pale kituoni. Alifika saa nne hivi. Nilimwona getini, ameshika kibali changu mkono mmoja na kitambulisho chake mkono wa pili, ameshaweka tayari vyote viwili ili wasipate tabu.

Yule wa mezani akasoma changu. Akaniita, akanilinganisha na picha, akasema, "Muzee, kweli wewe Mutanzania. Enda. Siku nyingine usiweke karita kwa toroli." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemshauri jirani.

Halafu akachukua cha Silasi. Kwenye kitambulisho cha Silasi neno lililobaki bila kukatwa ni Mtutsi. Hakumuuliza anatoka wapi. Hakumuuliza kitu. Mtu kwao, nchi yake, karatasi zake zote halali, hazina kasoro hata ya wino. Akamwambia, "Wewe ingia."

Mimi nikatoka getini yeye akaingia. Tulipishana hivi, bega kwa bega. Akaniambia, "Mwambie mama watoto nimechelewa kazini."

Nilimwambia hivyo mkewe. Alinitazama, akaingia ndani, akaanza kutwanga mihogo ambayo ilikuwa imeshatwangwa.

Silasi alitoka baada ya wiki tatu. Sikio lake la kushoto halisikii. Hajanilaumu hata siku moja, na ndilo linalonichosha kuliko kazi. Nikimsemesha upande ule hugeuza kichwa na kusema, "Mutanzania, zunguka. Huku wamefunga ofisi." Watoto wake hucheka. Nami hucheka, kisha nazunguka. Leo alipoona naandika ameniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya Yusta, akasema nikusalimu na nikuambie Buyenzi wanapika pilau nzuri, alikula huko zamani.

Sasa narudi kwa Editha.

Unaona ni jambo dogo. Mmefanana, picha yenyewe ni ya zamani, askari wa mpakani hatazami. Yawezekana. Wengi wamevuka hivyo na wanafanya kazi zao. Lakini mimi nilimtuma Silasi kwenye meza ile bila kumtuma. Kwa sababu ya karatasi niliyoiweka mahali pasipo pake, alilipa mtu mwingine. Ukikamatwa mpakani na hati ile, jina litakaloandikwa ni la Editha. Yeye ndiye atakayefuatwa nyumbani, mahari ikiwa imeshapokelewa, na aulizwe aliiuza kwa kiasi gani. Wewe utakuwa umekaa uwanjani mahali fulani unasema kweli, na hakuna anayekusikia.

Na usipokamatwa? Hilo nimeliwaza zaidi. Usipokamatwa utakuwa Editha. Utajiandikisha mtaani kama Editha binti Mathayo. Kila watakapopita kukagua, utajibu jina la baba yake. Ukiugua hospitali ni Editha. Ukiolewa huko, sijui padre atamwita nani. Nimekaa miaka hii nikitoa karatasi mara nyingi kuliko nilivyotoa mkono wa salamu, na kitu kimoja kinachonifanya nisimame wima pale kwenye gogo ni kwamba kilichoandikwa ni mimi. Wanaweza wasiniamini, lakini sihitaji kukumbuka nilichodanganya. Kuna kijana wa Bukavu tulikuwa naye kazini, alitumia kibali cha kaka yake. Siku moja alianguka kutoka jukwaani, tukamwita kwa jina la kwenye kibali atuambie anaumwa wapi. Hakuitika. Tulidhani amezimia, kumbe alikuwa anasikia vizuri, jina tu halikumfikia.

Najua kwa nini umefika hapa. Mama Sele amenieleza ya ofisi ya hati za kusafiria huko kwenu, na zamani uliniandikia mwenyewe. Yule afisa alikuambia ulete baba, kwa sababu wilaya yetu iko mpakani na watu wetu wanafanana na wa ng'ambo, na hawezi kuandika mtu ni raia kwa kumtazama. Uliponiandikia, nilimjibu afisa kwa barua. Niliona nimefanya la maana, hata nilimwomba mwalimu mmoja hapa aisahihishe. Akakurudisha nayo. Akauliza, "Huyu baba yako yupo upande gani?" Na wewe ukamjibu, "Yupo upande wa kazi." Mama Sele alipofika hapo alijipiga paja kwa kucheka. Mimi nilicheka baadaye kidogo. Ulimjibu vizuri, lakini nilisikia kwamba na mimi umenijibu.

Kwa nini sikuja? Kibali changu ni cha mtu anayekaa. Ukitaka kuondoka unakirudisha kwanza, na tangu vita wageni wapya hawapewi. Nikitoka nimetoka. Nyumba tunayojenga sasa iko Kinyinya, bado inahitaji lipu ndani na nje, na baada ya hiyo kapita ameahidi nyingine. Kila nilipofikiria kuja nilisema acha kwanza tumalize ukuta huu. Nilidhani nikibaki huku ndipo ninapokuwa baba. Na wewe ulikuwa unasimama kwenye foleni ya ofisi ya nchi yako mwenyewe, unaambiwa uthibitishe, na mtu pekee wa kuthibitisha alikuwa hapa analinda kibali cha nchi ya watu.

Lile la afisa limenikera, sikufichi. Umezaliwa pale. Lakini nikilitazama vizuri, alichotaka ni mtu aje aseme huyu ni wangu. Huku ninakoishi wako watu ambao hata aje baba, aje babu, na kijiji kizima kije kusema huyu ni wetu, meza haiwasikii. Wewe unadaiwa mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko hai, ana miguu.

Baada ya Mama Sele kuondoka mchana nilikwenda kwa kapita, anakaa si mbali. Nilimkuta anakunywa bia ya ndizi na shemeji yake. Nikamwambia kesho siendi Kinyinya, nakwenda kurudisha kibali.

Akasema, "Mutanzania, umeugua kichwa?"

Nikasema ni mtoto.

"Mtoto amekufa?"

"Hapana, ni mzima. Anasafiri."

"Kama ni mzima si asafiri?" Akamtazama shemeji yake. "Watu wanalala mlangoni pa ofisi ya komini kutafuta hiki kibali, huyu anakirudisha. Ukitoka usinijie tena hapa kulia."

Nikamwambia sitakuja kulia. Akaniuliza nani atapiga lipu chumba cha kona, maana kile kina ukuta uliopinda na mimi tu ndiye ninayejua ulipopinda. Nikamwambia Silasi anajua. Akanimiminia bia.

Sasa sikiliza. Kesho Jumatatu naanza kurudisha kibali. Wanataka kwanza barua ya kapita, halafu muhuri wa komini, yaani serikali ya mtaa ya huku, na muhuri haugongwi siku hiyo hiyo. Hata nikikimbia, siwezi kutoka Kigali kabla ya Jumatano asubuhi. Lori lako litakuwa limeshaondoka alfajiri. Kwa hiyo ninachokuomba ni wiki moja. Wiki ijayo lori lipo tena. Shangazi yako amengoja mpaka sasa, cherehani haitaoza. Alhamisi tutakwenda ofisini wewe na mimi, nami nitajibu kila atakachoniuliza yule bwana, hata kama ataniweka mpaka jioni. Nimezoea kuulizwa. Akikataa tena tutakwenda kwa mkubwa wake.

Sikulazimishi. Nimekaa mbali mno kuweza kukuamuru, na umri wako si wa kuamriwa. Usipoweza kungoja, angalau hati ya Editha mrudishie mwenyewe mkononi, mkiwa wawili, umwambie baba amesema nini, naye aamue akijua. Asije akajua kutoka kwa askari.

Mama yako mwambie asichinje chochote. Sina mzigo mkubwa, mwiko wangu na pima maji na nguo chache. Sarufi na makosa ya barua hii mnisamehe, nimeandika kwa haraka na meza ni ndoo iliyopinduliwa.

Nategemea kuvuka Rusumo Jumatano mchana na kuingia nyumbani jioni ile ile. Nikikukuta, vizuri sana. Nikikuta umeshaondoka, nitakuwa nimerudi hivyo hivyo, na safari hii nitakayekaa nikingoja ni mimi.

Ni mimi baba yako,
Gervasi